Nimepaka vanishi mikono mitatu, nguzo zimeoza kwa misimu miwili ya mvua. Mwenye kosa nani?

#1 Mwisho_wa_Reli
Wakuu, habari za humu.

Niko Kigoma, upande wa Bangwe, nyumba inaangalia ziwa. Mwaka juzi nilijenga kibaraza cha mbao: nguzo nane za nne kwa nne, paini, zimechimbiwa na kumwagiwa zege, juu kenchi nyepesi na bati. Fundi akapiga msasa, akapaka vanishi ya kung'aa mikono mitatu. Ikatoka kama meza ya mapokezi hotelini, majirani wanakuja kupiga picha za Idi.

Jumapili iliyopita mwanangu kaegemea nguzo ya kona, ikalia. Nikachukua bisibisi, nikaichoma sentimita tano hivi juu ya zege. Ikaingia mpaka kwenye mpini, kama nachoma andazi. Nikachoma usawa wa kifua, inagonga, mbao nzima kabisa. Nguzo tatu ziko hivyo, tano bado zinasimama.

Fundi anasema niliuziwa vanishi feki. Mwenye duka anasema fundi aliichakachua kwa tina. Mama watoto anasema hela hiyo tungepiga nguzo za tofali. Nataka kujua kabla sijaanza upya: vanishi, mbao au fundi?

#2 KopoTupu
Nimekaa hapa mbele na karanga zangu. Endeleeni.

#3 Fundi_Randa
Mkuu, mimi ni seremala, mwaka wa kumi na tisa huu. Vanishi ya ndani haikai nje. Wengi wananunua kopo lolote lililoandikwa vanishi. Ya ndani ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na mbao haitulii: ikinyonya unyevu inatanuka, ikikauka inasinyaa. Kioo hakitanuki, kinapasuka. Ufa wenyewe mdogo huuoni kwa macho, maji yanauona. Yakishaingia hayana pa kutokea, maana vanishi imeyafungia mlango. Ungeacha mbao uchi ingekauka mapema zaidi.

Muulize fundi wako kopo liliandikwaje. Akishika kichwa, jibu umelipata.

#4 Unyanyembe_Asilia
Nyie watu wa Kigoma mnanunua paini inayotoka Mufindi, inapita kwetu Tabora kwenye lori, inaiangalia mininga inacheka, inakuja kuozea kwenu. Chukua mninga, usipake kitu. Mlango wa babu yangu Sikonge umepigwa jua na mvua toka mimi sijazaliwa, haujaona hata mafuta ya kupikia.

#5 Binti_Manyovu
#4 mlango unasimama wima, mvua inateremka na kwenda zake. Nguzo imekanyaga kwenye zege. Usifananishe mtu aliyenyeshewa na mtu aliyelala kwenye dimbwi.

#6 Unyanyembe_Asilia
Haya dada, umenishinda. Lakini mninga ni mninga.

#7 Mvuvi_Kibirizi
Vanishi ya nini? Oili chafu. Nenda gereji, omba dumu, paka mara mbili, acha ijinyonyee. Nguzo za banda langu la kukaushia dagaa nimezipaka oili chafu kila kiangazi, mwaka wa saba huu, hata mchwa wanapita wameziba pua.

#8 Mwisho_wa_Reli
#3 nimempigia. Kashika kichwa. Anasema kopo lilikuwa la lugha ambayo haisomi.

#7 kaka, hapo ndipo wanangu wanakaa na mgeni anapoegemeza shati lake. Oili chafu kwenye banda sawa, kwenye baraza la Idi?

#9 Msitu_na_Mtu
Nilisoma misitu SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, miaka mingi imepita, lakini hili bado nalikumbuka.

Mbao haiozeshwi na maji. Inaozeshwa na kuvu, na kuvu anahitaji vitu vinne kwa pamoja: chakula (mbao yenyewe), hewa, joto la wastani na maji. Kigoma huwezi kumnyima joto wala hewa. Kinachobaki ni maji. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hafanyi kazi. Ikikaribia 30, kuta za nyuzi zimeshashiba, hapo ameandaliwa meza.

Kwa hiyo swali la "rangi gani" ni la pili. Rangi zote, za bei ghali na za bei ya kutupa, zinachelewesha maji tu. Hakuna inayoyazuia kabisa. Swali la kwanza ni hili: maji yaliingilia wapi, na kwa nini hayakutoka?

Na mkuu, kichwa cha mbao, pale msumeno ulipokata, kinanyonya maji mara nyingi zaidi kuliko ubavu. Mti hai ulikuwa unapandisha maji kwa njia hiyo hiyo, mabomba bado yapo wazi. Kichwa cha chini cha nguzo zako, kile kilichozama kwenye zege, kilipakwa nini?

#10 Mwisho_wa_Reli
Hakikupakwa kitu. Nguzo zilisimamishwa kwanza, zege likamwagwa, vanishi ikaja baada ya wiki mbili.

#11 Msitu_na_Mtu
Basi ulivaa koti la mvua ukasimama mtoni bila viatu.

#12 KopoTupu
Hii naiandika ukutani.

#13 Shehe_wa_Ujiji
Mimi napingana na msomi kidogo. Zege lenyewe ndilo adui. Ukimwagia zege kuzunguka nguzo umemtengenezea kikombe. Mbao ikisinyaa wakati wa kiangazi inaachana na zege, inabaki nafasi ya unene wa kucha. Mvua ya kwanza ya Oktoba, maji yanaingia pale na kukaa. Utapaka kichwa, utapaka ubavu, kikombe kipo pale pale. Nguzo za wazee zilichimbiwa kwenye udongo wa kichanga na mawe, maji yanapita kwenda chini.

Mafundi wa mitumbwi hapa Ujiji hawaanzi na rangi. Wanaanza na kalafati, pamba inashindiliwa kwenye kila mwanya, ndiyo linakuja la kupaka. Kule pwani ndugu zetu walikuwa na deheni, chokaa na mafuta ya mnyama, wanapaka chini ya chombo. Ziba mwanya kwanza, pambo baadaye.

#14 Dokta_Bati
Kuna mtu kauliza ni nguzo zipi tatu? Maana ni mbao ile ile, fundi yule yule, kopo lile lile, zege lile lile. Tano nzima, tatu mbovu. Vanishi feki haichagui nguzo.

#15 Mwisho_wa_Reli
Swali zuri. Mbili za upande wa ziwa, ya kona na inayofuata. Ya tatu iko karibu na ukuta, pale kwenye bomba watoto wanaponawia miguu.

#16 Dokta_Bati
Bati lako lina gata?

#17 Mwisho_wa_Reli
Halina. Lilikuwa kwenye bajeti.

#18 Dokta_Bati
Bati limejitokeza sentimita ngapi nje ya nguzo?

#19 Mwisho_wa_Reli
Nimetoka kupima. Kumi na mbili. Na chini, kwenye sakafu, kuna mstari wa vishimo ambapo matone yanaangukia. Mstari uko kiganja kimoja kutoka kwenye nguzo. Yaani kila mvua matone yanagonga sakafu na kurukia pale pale nilipochoma bisibisi.

#20 Dokta_Bati
Nimemaliza. Ongeza bati lifike sentimita sitini na uweke gata. Mengine mapambo.

#21 Fundi_Randa
Hujamaliza. Upande wa ziwa kuna nguzo nne. Mbili zimeoza, mbili nzima, na zote zinarukiwa na matone sawa. Hizo mbili zimepona kwa dawa gani?

#22 Dokta_Bati
Upepo wa ziwa unapiga kona zaidi.

#23 Fundi_Randa
Upepo. Haya.

#24 Unyanyembe_Asilia
Mimi nalo jibu na safari hii sichekeshi. Weupe. Kila mti una moyo na una weupe wa pembeni. Weupe ndiko maji ya mti yanakopita na akiba yake ya chakula inakokaa, kuvu na mchwa wanaupenda. Hata mninga wetu, ule weupe wake wa pembeni unaliwa kama muhogo, kinachosifiwa ni moyo wa kahawia. Paini hizi zinavunwa changa, kipande kizima kinaweza kuwa weupe mtupu. Mbili zilizopona huenda zilitoka katikati ya gogo. Huwezi kujua mpaka uzikate.

#25 Msitu_na_Mtu
#24 uko sahihi kuhusu weupe, ila moyo wa paini nao usiusifu, unazidi weupe wake kidogo tu. Lakini weupe wa paini una faida moja: unakunywa dawa vizuri. Mbao za dawa zile za kijani zinawekwa kwenye tangi, hewa inanyonywa, dawa ya shaba, kromiamu na aseniki inasukumwa ndani kwa nguvu. Inaingia kwenye weupe, kwenye moyo haiingii. Kupaka dawa kwa brashi ni kugusa ngozi tu.

Wakati huo huo tahadhari: dawa hiyo ina sumu. Marekani, watengenezaji walikubali kuiondoa kwenye mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003. Hapa kwetu bado ni nguzo za kawaida. Ukikata, vipande visiende jikoni. Moshi wake una aseniki na majivu yake yana aseniki.

#26 Mama_Kenchi
Subiri. Majivu?? Mimi nauza mbao Mwanga hapa Kigoma, vipande vya kijani wanawake wanakuja kuomba kila jioni wakapikie maharage. Nawapa bure, najiona nina roho nzuri.

#27 Msitu_na_Mtu
Acha kuanzia leo, mama.

#28 Mama_Kenchi
Ahsante mwanangu. Kesho nawaambia mmoja mmoja. Watasema nimeanza uchoyo.

Kuhusu uzi, na mimi niseme la upande wa duka. Paini nyingi mnazonunua zinafika mbichi. Mteja anataka leo, fundi anapaka kesho. Mimi nikipokea mzigo nachukua kipande kimoja, nakipima kwenye mizani ya sukari, naandika uzito kwa kalamu ubavuni. Kila Jumatatu napima tena. Kikiacha kupungua, mzigo umekauka. Mara nyingine inafika wiki sita, zimepangwa kivulini na vijiti katikati zipate upepo. Wateja wananicheka, eti mama anauza mbao kwa kilo. Ukipaka mbao mbichi unafungia maji ndani, halafu jua la saa nane linayachemsha, vanishi inavimba malengelenge. Mleta uzi, uliona malengelenge mwaka wa kwanza?

#29 Mwisho_wa_Reli
Niliyaona, mama. Kwenye nguzo mbili au tatu. Fundi akasema ni hewa, akayapasua kwa kucha na kupaka juu.

#30 KopoTupu
Kwa kucha 😂

#31 Mvuvi_Kibirizi
Mnazunguka sana. Wajerumani walipoizamisha meli ya Liemba hapa ziwani waliipaka injini grisi, ikakaa chini ya maji, ikaja ikafufuka na inajulikana dunia nzima. Mafuta ndiyo dawa. Oili chafu ni mdogo wake grisi.

#32 Shehe_wa_Ujiji
Kaka, Liemba ni chuma. Ilizamishwa Julai 1916, ikainuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Grisi ililinda chuma kisipate kutu. Hapa tunaongelea paini.

#33 Msitu_na_Mtu
Na hata ingekuwa mbao, ikizama kabisa kuvu wa kuozesha hana hewa ya kutosha. Gogo lililozama ziwani linadumu kuliko nguzo yenye unyevu nusunusu. Pabaya ni pale shingoni, udongo na hewa zinapokutana. Bisibisi yake iliingilia wapi? Sentimita tano juu ya zege.

Oili chafu inafukuza maji kwa muda, sikatai. Ila ina masizi na metali za injini, haifai kwa ngozi wala kwa udongo wa kisima chako, na ukishaipaka hakuna rangi itakayoshika pale.

#34 Mvuvi_Kibirizi
Dagaa wangu hawajalalamika.

#35 Binti_Manyovu
Hao dagaa ndio tunaokula sisi?

#36 Mvuvi_Kibirizi
Nguzo na chanja ni vitu viwili dada, usiniharibie biashara.

#37 Mwana_Mawese
Wakuu, tuko Kigoma, mawese yamejaa. Kwa nini hakuna aliyeyataja? Mafuta ni mafuta. Bibi alikuwa anapaka mpini wa jembe.

#38 Fundi_Randa
Mpini unashikwa kila siku, unasuguliwa na mkono. Mawese hayakauki, kijana. Yanabaki mafuta, yanachacha, yanaota ukungu na kukamata vumbi. Mafuta ya kitani ndiyo yanakauka: yanashikana na hewa na kugeuka utando ndani ya nyuzi. Hayafanyi ganda juu, kwa hiyo hayana cha kubanduka. Ila kila mwaka au miwili urudie, na nje peke yake yanaota ukungu mweusi usipotia rangi ya udongo kidogo.

Na kitambaa ulichopakia usikikunje ukatupa pembeni. Yakikauka yanatoa joto, kitambaa kilichofinyangwa kinawaka chenyewe. Karakana yangu ya kwanza nusura iende hivyo: nimefunga saa kumi na mbili, jirani ananigongea saa mbili usiku, moshi unatoka kwenye ndoo ya taka. Nilidhani mchawi. Sasa natandaza vitambaa kwenye waya nje, kimoja kimoja.

#39 Mwana_Mawese
Mimi najaribu. Vipande vitatu vya paini juu ya bati la choo: mawese, oili chafu, vanishi. Nitaleta majibu.

#40 KopoTupu
Tuko Juni. Mvua iko wapi?

#41 Mwana_Mawese
Namwagilia kila jioni kama mchicha.

#42 Mwalimu_Mwandiga
Naona suala la jua limesahaulika. Vanishi isiyo na rangi inapitisha mionzi kama dirisha. Mionzi inavunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, chini ya vanishi. Ndiyo maana inabanduka na ngozi ya mbao imeshikana nayo kwa nyuma. Jaribuni: bandueni ganda, geuzeni, mtaona manyoya ya mbao. Hapo vanishi haikuacha mbao, mbao ndiyo iliyojiachia. Rangi yenye poda, hata kahawia nyepesi, inazuia. Upande wa ziwa kwa mleta uzi ni magharibi, jua la alasiri hadi machweo pamoja na linaloakisiwa na maji.

#43 Dokta_Bati
Jua halifiki sentimita tano juu ya sakafu chini ya meza na viti, mwalimu.

#44 Mwalimu_Mwandiga
Umeona viti vyake?

#45 Mwisho_wa_Reli
Viti viko ndani. Mama watoto hataki mtu akae nje mpaka nguzo zibadilishwe.

Wakuu, mrejesho. Leo nimeikata nguzo ya kona, bati nimelitegemeza kwa milingoti. Nje vanishi bado ipo, inang'aa, ukiigonga kwa kucha inalia kama kibuyu kitupu. Ndani, kuanzia kwenye zege hadi magotini, mbao ni kahawia iliyoiva, imepasuka vipande vya mraba mraba, ukikiminya kinageuka unga wa kahawa. Kwenye kuta za hicho kibuyu kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Niliponyanyua kisiki kutoka kwenye zege, chini kulikuwa na maji. Mwezi mzima hakujanyesha na kuna maji, karibu nusu kikombe cha kahawa.

#46 Shehe_wa_Ujiji
Kikombe. Nilisema kikombe.

#47 Msitu_na_Mtu
Vipande vya mraba ni kuvu wa kahawia, anakula nyuzi za mbao yenyewe anaacha gundi. Kawaida ya paini. Na hayo maji yalikuwa yananyonywa na kichwa kisichopakwa.

#48 Fundi_Randa
Na yalishindwa kutokea ubavuni kwa sababu ya vanishi.

#49 Dokta_Bati
Na yaliingia kutoka kwenye bati lisilo na gata.

#50 Mama_Kenchi
Na mbao ilikuwa mbichi ndiyo maana ikasinyaa ikaachana na zege.

#51 KopoTupu
Mleta uzi, gawa nguzo vipande vinne, kila mtu aondoke na cha kwake.

#52 Mwisho_wa_Reli
Subirini. Nimekata na ile ya bombani. Hiyo haina vipande vya mraba. Ina udongo. Njia za mchwa zimepanda ndani kwa ndani mpaka futi tatu, zimeacha ganda la nje tu na vanishi yake.

#53 Unyanyembe_Asilia
Mchwa! Na zaidi yangu mimi na mvuvi na oili yake, hakuna aliyemtaja.

#54 Mvuvi_Kibirizi
Salamu kutoka Kibirizi.

#55 Binti_Manyovu
Mchwa anafuata ubichi, bomba limemkaribisha. Lakini ndiyo, vanishi hata ya dhahabu haimzuii anayetokea chini.

#56 Mwisho_wa_Reli
Sasa nauliza la kuanzia. Nimepanga hivi: visiki vya zege vipande sentimita ishirini juu ya sakafu, juu yake kiatu cha chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, nguzo ikae juu ya chuma bila kugusa zege. Mbao za dawa, vichwa vyote nilivyokata nivichovye tena dawa kwenye ndoo usiku kucha, kisha rangi ya kahawia ya mafuta inayonyonywa badala ya vanishi. Bati niongeze. Gata mwezi wa nane nikipata hela. Bomba nalihamisha wiki hii.

#57 Fundi_Randa
Kiatu kiwe na tundu chini maji yatoke. Wengi wanachomelea sanduku lililoziba, unarudi kwenye kikombe cha shehe, safari hii cha chuma.

#58 Shehe_wa_Ujiji
Na sehemu ya juu ya zege iteleze kwenda nje, isiwe bapa.

#59 Unyanyembe_Asilia
Au mninga. Nina mtu ana stakabadhi zote za misitu, mbao zimegongwa nyundo ya alama ya misitu.

#60 Mama_Kenchi
Usimtie gharama. Mwanangu, njoo Mwanga nikupimie.

#61 Mwisho_wa_Reli
Nakuja Jumamosi, mama. Fundi wangu kaniambia niwaulize: mkisema rangi inayonyonywa, ni kopo gani, maana yeye anajua vanishi tu na rangi ya geti.

#62 Fundi_Randa
Amwagie tone la maji kwenye mbao kavu. Likizama ndani ya dakika, mbao iko tayari kunywa. Likisimama kama lulu, kuna kitu juu yake, apige msasa kwanza. Mwakani afanye jaribio hilo hilo: siku tone likianza kuzama, ndiyo siku ya kupaka tena. Kopo nitakutumia picha.

#63 Mwana_Mawese
Majibu ya jaribio, wiki ya tatu. Vanishi: imepata ufa mmoja kwenye kona. Oili chafu: nyeusi, maji yanateleza. Mawese: kipande hakipo. Nimekitafuta siku mbili. Leo nimekiona nyuma ya choo, kimetafunwa nusu. Panya.

#64 KopoTupu
Kilichobaki kina unyevu asilimia ngapi?